Robo Mzunguko

Saa mbili asubuhi, Seeta, nyuma ya tanuri la matofali,
umande bado umelalia magurudumu tuliyoyapanga yawe ngome.
Namkabidhi Wanyenze ufunguo wa pembe sita,
mwembamba kama kidole cha mtoto mchanga,
namwambia: kazi yote ya leo imo humu.

Usiiite bunduki. Iite kitia-alama.
Wageni wataiita bunduki, waache,
wao wamelilipia jina.

Kwanza soksi mdomoni mwa mtutu, kamba yake nyuma, ikaze.
Kisha kufuli. Usiliamini jicho, bonyeza mpaka ulisikie.
Kidole nje ya kifyatuo, kilale ubavuni
kama mtu aliyekuja kilioni na hana la kusema.
Ndipo uikaze chupa ya gesi, polepole.
Ikipumua, simama. Itazame ile pete nyeusi ya mpira,
kitu cha bei ya pipi,
kinachoweza kuniharibia Jumamosi nzima.

Sasa mashine ya kasi. Barakoa usoni, soksi vua,
lenga gunia la pumba. Piga.
Futi mia tatu na kumi na mbili kwa sekunde.
Kasi hiyo huchana ngozi chini ya fulana.
Ingiza ufunguo. Robo mzunguko, kulia.
Mia mbili tisini na nne.
Robo tena. Hapana, nusu ya robo, una haraka gani?
Piga mara tatu, maana moja ni bahati:
sabini na tano, sabini na moja, sabini na nne.
Hapo. Andika daftarini namba yake na jina lako,
ili kesho tukiulizwa tujue nani ajibu.

Na saa sita pima upya.
Jua likishaketi juu ya mabati
chupa ulizozipima zikiwa baridi huvimba,
kasi inapanda na hakuna mkono uliogusa skrubu.
Hili halikuandikwa kwenye boksi.
Nililisoma kwenye mgongo wa mteja.

Siku ile walikuja watu wa benki, fulana mpya,
vicheko vya watu ambao bosi wao anatazama.
Katikati ya mchezo mmoja wao, Kizza wa mikopo,
akaliona jasho limemjaa machoni
akainua barakoa ajifute.

Sauti ikanitoka, wala si yangu.
Ya baba, koplo Emuron, Kiswahili cha kizuizini,
kikavu kama risiti:
SHUSHA! SILAHA CHINI! HAKUNA KUSOGEA!

Uwanja ukaganda.
Mpira uliokwisha kuruka ukapasukia kwenye gurudumu, njano,
shubiri mbili kutoka sikio la Kizza.
Na kule getini Nnalongo wa chapati
alikuwa kifudifudi, mikono kisogoni,
unga umemjaa nyusi.

Nilipiga magoti kwa Luganda langu bovu.
Nikamwambia ni rangi, mama, ni rangi tu,
inatoka kwa sabuni.
Akacheka. Magoti yake hayakucheka.
Akajipangusa, akageuza chapati iliyokuwa inaungua,
kisha bila kuniangalia:
Lugha yako hiyo, Okiror, nayo ina skrubu?

Jioni tulitoa gesi, mitutu ikielekea ardhini,
tukafyatua mpaka kikasikika kile kikohozi kitupu,
ndipo tukafungua, tukafuta, tukahesabu ishirini na viwili.
Nilikuwa najisemea barakoa, barakoa tafadhali,
kila mara chini kidogo.

Wanyenze alikuwa amekwisha funga daftari.
Nikalifungua kutafuta namba kumi na saba,
nikakuta mstari mpya kwa mwandiko wake wa kuinama:
Okiror. Saa saba na robo. Mia tatu na kumi na mbili.
Apimwe tena.